Ngao ya Fundi Sumar

Aiapiaye ngao ndiye aishikaye.

Mwatumu anacheka. Nasibu hacheki, na sababu naijua. Neno hilo, Nasibu, umeambiwa leo sokoni mbele za watu, likakuchoma. Ulikuwa unamwuzia mzee mmoja pikipiki, ukamwapia Wallahi ni nzima, injini nzima, breki nzima. Yule mzee akakutazama, akakwambia hivyo, akaenda zake. Sasa umekuja na dada yako mnaniuliza maana yake. Maana yake mnaijua, msingeijua lisingekuchoma. Mnachotaka ni asili yake. Basi sogeza huo ungo, Mwatumu, chambua mchele huku unasikiliza, maana mimi sizungumzi na watu walioweka mikono mapajani. Na mtu asinikate kauli.

Neno hili chimbuko lake ni mbali, ng'ambo ya bahari, na lilianza kwa msiba.

Zamani hizo ngao ilikuwa ngao kweli. Ninyi mkisikia ngao mnafikiria mpira, timu gani imeichukua. Wakati ule mtu alikuwa akiitia mkononi, na uhai wake uko nyuma yake. Huko Bara Hindi, katika nchi ya Kachi, mabwana wakubwa hawakutaka ngao ya ng'ombe wala ya nyati. Walitaka ya kifaru. Vifaru vya kwao vilikuwa vimekuwa adimu, tena ngozi zao zina mikunjo mikunjo. Za kwetu zilikuwa pana mgongoni, zimenyooka. Kwa hiyo wawindaji wa bara huku kwetu walishusha ngozi Pangani, zikavuka bahari mpaka mji wa Mandvi, na huko ndiko mafundi walikozigeuza ngao.

Katika mafundi hao alikuwako mmoja, jina lake Sumar. Ujanani alipata kukaa Unguja, akarudi kwao na Kiswahili cha kutosha kugombana nacho. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko kimo chake. Kazi yake nzuri hata leo wajuzi wangeisifu. Ngozi ikija kwake huwa ngumu kama ubao. Huiloweka mpaka ilainike, hukata duara pale mgongoni, huikwangua taratibu, huikandamiza kwenye kinu cha mti ipate umbo la sinia lililopinduliwa. Ikikauka huipasha juu ya makaa, huipaka mafuta na lakiri, huisugua, huipasha tena, huisugua tena. Mwisho wa yote ngozi ya kifaru, iliyokuwa nyeusi na ya kutisha, hugeuka rangi ya asali, na ukiiinua juani mwanga hupita ndani yake. Mwisho kabisa hupigiliwa vitovu vinne vya shaba, vya kufunika misumari ya mishikio.

Huko kuinuliwa juani hakukuwa pambo, ulikuwa mtihani. Ngozi ikiwa na kovu au ufa, doa jeusi litaonekana. Jua likisema ndiyo, bado uko mtihani wa pili. Mnunuzi huja na askari wake mwenye mkuki. Fundi, au mtu wa nyumba ya fundi, huivaa ngao mkononi akasimama uani, na yule askari humchoma kwa nguvu zake zote. Mkuki ukiteleza, biashara imekwisha. Ndiyo ilikuwa ada ya mafundi wa mji ule: humwuzii mtu kitu ambacho wewe mwenyewe unaogopa kusimama nyuma yake.

Sasa angalieni. Fundi anasimama nyuma ya ngao, lakini ngozi hakuichuna yeye. Ngozi inakuja imekauka, imekunjwa, imefungwa kwa kamba, huwezi kuikunjua bila kuivunja. Mnunuzi ananunua asichokiona. Anachokinunua hasa ni kauli ya aliyeileta. Ndiyo maana wauza ngozi wote walikuwa wakiapa, na kiapo cha mtu kikivunjika mara moja, huko Mandvi hana tena pa kushukia.

Na katika waapaji wote hakuna aliyeaminika kama mtu wetu wa Pangani, Salehe Mwinyipembe. Miaka mingi alimpelekea Sumar ngozi, na hakuna hata moja iliyomwaibisha. Akifika Mandvi halali kwingine ila nyumbani kwa Sumar. Mke wa Sumar, Hurbai, alikuwa akimwita shemeji. Watu wa kule chakula chao mkate wa uwele, lakini akija Mwinyipembe, Hurbai alipika wali, maana alijua mtu wa Pangani bila wali hujihisi hajala. Walikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Jakab. Kijana mzima, mwenye kifua, mchumba amekwisha kutafutiwa. Jakab ndiye aliyekuwa akizishika ngao za baba yake siku ya mkuki, na Hurbai siku hizo alikuwa akijifungia ndani asitazame, mpaka asikie watu wanacheka.

Mwaka mmoja wawindaji walimletea Mwinyipembe ngozi mbili kubwa ajabu. Alizikunjua zingali mbichi, akafurahi, kisha akaona. Kila moja ilikuwa na tundu la risasi katikati ya mgongo, pale pale panapokatwa ngao. Ngozi ya namna hiyo haina kazi nyingine ila viboko na nyayo za viatu. Mtu mwingine angezitia kwenye fungu la viatu akalala. Mwinyipembe alikuwa amekwisha kumpelekea salamu Sumar kwamba mwaka huu atamletea ngozi ambazo mji mzima utakuja kuzitazama. Aliona haya kurudi na maneno matupu. Na haya, wanangu, ikichanganyika na tamaa, humpofusha mtu na macho yake yako wazi.

Pangani wakati ule sandarusi ilikuwa ikichimbwa mashambani. Mnaijua sandarusi? Utomvu wa mti uliolala ardhini mpaka ukawa jiwe, rangi ya asali, ukiuelekeza juani mwanga unapita. Mwinyipembe alizaliwa kwenye sandarusi, babaye alikuwa mchimbaji. Akaiyeyusha, akaimimina katika yale matundu, akaiacha ikakamata. Akapaka majivu na mafuta juu yake. Mtu asiyejua hangeona kitu, na maji hayaitoi.

Alipofika Mandvi, Sumar akamwuliza kama alivyozoea, "Ndugu yangu, ngozi zikoje?"

Mwinyipembe akasema, "Wallahi, hazina tundu."

Nawaombeni muliangalie neno hilo. Desturi yake ilikuwa kusema, "Wallahi, ni nzima." Safari hii alisema, "Hazina tundu." Alilichagua neno lile njia nzima ya bahari. Moyoni alijiambia hakusema uongo, kwani tundu liko wapi, si limezibwa? Sumar hakusikia tofauti. Nani angeisikia, kwa mtu unayekula naye sinia moja?

Sumar akaiweka moja ghalani, nyingine akailoweka. Mwaka ule mgongo ulikuwa ukimsumbua, kwa hiyo kazi ya kuipasha ngao na kuipaka mafuta aliifanya Jakab. Alifanya kazi safi. Ngao ikainuliwa juani, ikang'aa yote, haina doa. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuiona, kweli kama alivyoahidi Mwinyipembe.

Akaja mnunuzi na askari wake. Jakab akaitia mkononi, akasimama. Mwinyipembe alikuwa pale, kibarazani, na kikombe cha maziwa mkononi. Alijiambia ngao ni pana, tundu ni dogo, Mungu hawezi kuacha mkuki upate pale pale.

Mkuki ulipata pale pale. Ukapita ngao, ukaingia kifuani.

Hurbai alikuwa ndani anangoja kusikia watu wanacheka. Alipoona kimya kimezidi, akatoka. Jakab hakufika alasiri.

Sandarusi ilivunjika vipande vipande ikachanganyika na mchanga na damu, na ni nani siku ile angetazama mchanga? Watu walichokiona ni ngao iliyotobolewa na fundi aliyezeeka. Wakasema ameikwangua mno. Wakasema mkono wa Sumar umechoka, hajui tena unene wa ngozi kwa vidole. Hawakumwambia usoni. Walimpa mkono wa tanzia, wakamwambia kazi ya Mungu haina makosa, halafu kazi zao wakawapelekea mafundi wengine. Na Mwinyipembe alibeba jeneza. Alibeba upande wa mbele, akilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Mtu anaweza kulia kweli na bado asiseme kweli.

Kilichomuumiza Sumar hakikuwa wanunuzi. Alikuwa na swali moja, akiamka nalo, akilala nalo: mkono huu ndio uliomuua mwanangu? Aliziangalia ngao za zamani, akazipima kwa vidole, akaona vidole havijakosea. Lakini angejiaminije? Mwana yuko kaburini.

Na Hurbai, maskini, hakumwambia mumewe neno baya hata moja. Alipika, alifua, alimuitikia salamu. Jambo moja tu. Tangu siku ile hakupokea kitu kutoka mkononi mwa Sumar. Akimpa ufunguo, akimpa kikapu, akimpa maji, Hurbai aliacha mikono chini, akangoja. Sumar akaelewa. Akawa anakiweka kile kitu chini kwanza, ndipo mkewe akiokote. Mwaka mzima waliishi hivyo, nyumba moja, kitu kinawekwa chini, kitu kinaokotwa.

Nasibu, usiniangalie hivyo. Nilisema lilianza kwa msiba.

Mwaka uliofuata Mwinyipembe akarudi Mandvi. Hakuja na ngozi nyingi, na alikuwa amekonda. Hata kabla hajakaa, akamwambia Sumar, "Ndugu yangu, ile ngozi ya pili ya mwaka jana, nirudishie. Nitakuletea nyingine nzuri zaidi."

Sumar akashangaa. "Ina nini?"

"Haina kitu. Nimeona tu, baada ya yaliyotokea, huenda ina nuksi."

"Nimekwisha kuilowesha," Sumar akasema. "Nataka nitengeneze ngao moja tu, niishike mimi mwenyewe. Mkuki ukipita, basi nitajua kosa lilikuwa la mkono wangu. Usipopita, nitajua pia."

Hapo, wanangu, mlango wa toba ulikuwa wazi. Rafiki yake amemwambia kwa kinywa chake kwamba anakwenda kusimama mbele ya mkuki. Kwa neno moja angemwokoa, na nafsi yake pia. Mwinyipembe akafungua mdomo, akasema, "Mungu atakulinda." Akanawa mikono, akakaa kula wali wa Hurbai.

Sumar akaenda na kazi yake. Safari hii hakukuwa na Jakab, kila kitu alikifanya yeye. Akaifikisha ngao kwenye makaa, akaipasha, na ilipokuwa imepata moto vizuri akaiinamia kuipaka mafuta. Akasikia harufu, namna ya ubani, lakini si ubani. Aliijua. Jirani yake alikuwa mpishi wa rangi ya kung'arishia masanduku, naye alikuwa akiyeyusha sandarusi ya pwani yetu. Kwanza Sumar alidhani imetoka huko, lakini siku ile jirani hakuwasha moto. Akainusa ngao, kutoka ukingo mpaka ukingo. Harufu ilitoka mahali pamoja tu, chini kidogo ya kitovu kimoja cha shaba.

Akaacha kazi. Ngao ya Jakab ilikuwa bado iko ghalani, imefunikwa gunia, maana hakuweza kuitupa wala kuitazama. Akaifunua. Akachukua kaa la moto kwa koleo, akalisogeza kwenye ukingo wa lile tundu. Harufu ile ile. Labda Jakab naye aliisikia, akadhani ni ya jirani. Nani atajua?

Sumar alikaa chini ghalani muda mrefu. Alilia, lakini hakutoka kumwambia mkewe. Alisema moyoni, mama aliyefiwa hapewi shaka. Shaka ni jiwe jingine juu ya jiwe. Atapewa kweli, na ataipata kwa kinywa cha mwenyewe aliyeificha. Basi akaimaliza ngao, akaing'arisha, akapigilia vitovu vyake vinne, akatangaza siku ya mkuki kama desturi.

Watu walijaa uani. Wengine walikuja kwa huruma, wengine kuona kama mzee naye atakufa. Ngao ikainuliwa juani, ikawaka yote rangi ya asali. Doa hakuna. Askari akasogea na mkuki wake, mtu mrefu, mkimya, ambaye Sumar alikuwa amezungumza naye asubuhi. Watu wakamngoja Sumar aivae ngao. Yeye akageuka, akaitazama baraza.

"Mwinyipembe," akaita. "Njoo hapa, ndugu yangu."

Mwinyipembe akaja.

"Ngozi hii uliniletea wewe. Waambie watu ulivyoniapia."

Mwinyipembe akatazama huku na huku. Watu wote macho kwake. Akasema, kwa sauti ndogo, "Nilisema haina tundu."

"Na leo wasemaje?"

"Wallahi, haina tundu."

"Basi ishike."

Mwinyipembe akajaribu kutabasamu. "Lakini desturi, anayeshika ni fundi."

"Fundi huishikia kazi yake. Kazi yangu si ndiyo ile, jua limeiona? Kilichobaki hapa ni kiapo chako. Mwaka jana kiapo chako alikishika mwanangu. Leo kishike wewe."

Angekataaje, na ameapa hivi sasa? Akatia mkono kwenye mishikio, akasimama pale pale alipokuwa amesimama Jakab. Askari akarudi nyuma, akainua mkuki. Hakuchoma. Akaulenga ukingo wa kulia wa ngao, akaushikilia hapo. Mwinyipembe akasimama imara. Askari akauhamishia mkuki ukingo wa kushoto. Mwinyipembe akasimama imara. Akaupandisha juu, kwenye paji la ngao. Mwinyipembe hakutikisika, na watu wakaanza kunong'ona kwamba huyu mtu ni jasiri. Kisha askari akaiteremsha ncha taratibu, mpaka ikafika chini kidogo ya kile kitovu kimoja cha shaba.

Mkono wa Mwinyipembe ukazunguka wenyewe, akaipeleka ngao pembeni.

Askari akamfuata tena pale pale. Mwinyipembe akaisogeza tena. Jasho lilikuwa likimtoka mpaka kidevuni.

Sumar akasogea, akasimama mbele yake. "Umejuaje?"

Mwinyipembe akajipangusa jasho kwa bega.

"Jua halikupaona. Watu hawa wote hawajapaona. Mimi, fundi, nimepajua kwa pua tu, tena baada ya mwaka na kaburi. Wewe umepajuaje?"

Sumar akamvua ngao kwa upole, kama anayemvua mgonjwa shati, akaitundika kwenye nguzo ya mlango. Akamwashiria askari. Mkuki ukapiga pale pale, ukapita mpaka kwenye mti. Askari alipouvuta, kipande cha mviringo kikaanguka chini, mfano wa kipande cha sukari guru. Sumar akakiokota, akakiweka kwenye kiganja cha Mwinyipembe.

Hapo Mwinyipembe akapiga magoti. "Sikusema uongo," akalia. "Ndugu yangu, sikusema uongo. Nilisema haina tundu. Lilikuwa limezibwa."

"Mkuki haujui Kiswahili, Mwinyipembe," Sumar akasema.

Watu wakawaka. Wengine walitaka kumpiga, wengine wakasema apelekwe kwa mtawala, wengine wakasema alipe damu. Sumar akawazuia. Alisema damu ya mwanawe si bidhaa, hataki kuipigia bei. Akamwinua Mwinyipembe kwa mkono. "Nataka kitu kimoja. Mke wangu yuko ndani. Nenda ukamwambie."

"Nipige," Mwinyipembe akasema. "Nipige, lakini usinipeleke kwake."

"Nenda ukamwambie. Kwa kinywa chako. Na usichague maneno."

Hurbai alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango. Kelele za uani alizisikia, lakini kelele si habari. Mwinyipembe akasimama upande wa pili wa pazia, akaeleza yote, ngozi, risasi, sandarusi, kiapo. Alieleza mpaka mwisho na Hurbai hakumkata hata mara moja. Alipomaliza, pazia likafunguka.

"Ulipobeba jeneza la mwanangu," Hurbai akamwuliza, "ulijua?"

"Nilijua, shemeji."

"Na mwaka huu umekula wali wangu."

"Nimeula."

Hakumwapiza, hakumtukana. Alimtazama tu, kisha akageuza uso, na Mwinyipembe alisema mpaka siku ya kufa kwake kwamba lau angemtemea mate ingekuwa nafuu.

Watu walipotawanyika Sumar akaingia ndani. Akaenda mtungini, akateka maji kwa kata, akamletea mkewe, kwani aliona midomo yake imekauka. Akafika mbele yake, akainama kuiweka kata chini, alivyozoea mwaka mzima.

"Usiweke chini," Hurbai akasema.

Akanyoosha mikono yote miwili, akaipokea kata kutoka mkononi mwake. Hakunywa mara ile. Aliishika kata kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaushika ule mkono mkubwa wa mumewe, akaugeuza, akautazama kiganja, vidole, makovu ya kisu. Kisha akajifunika nao uso, akalia, na Sumar akalia naye. Ilikuwa mara yao ya kwanza kumlilia Jakab pamoja.

Mwinyipembe alirudi Pangani. Ngozi hakuuza tena. Alifungua kibanda cha vyungu na mikeka, na hata mkeka, mtu akimwambia, "Niapie, mzee, kwamba hautapasuka mwezi huu," alikuwa akitikisa kichwa na kujibu, "Aiapiaye ngao ndiye aishikaye." Watu walidhani ni mzaha wa kizee. Wakalichukua neno, wakalisema sokoni, wakalisema barazani, likaenea likawa la watu wote. Wachache ndio waliojua linatoka wapi. Alipokufa walikuta ndani ya mto wake kipande cha sandarusi cha mviringo, na mwanawe akamzika nacho.

Nini, Mwatumu? Nimejuaje mimi yote haya?

Huyo mwanawe aliyemzika ndiye baba wa bibi yangu. Ndiyo maana humu ndani hamjapata kunisikia nikiapa, hata kwa chumvi. Kitu kikiwa kizuri nasema kizuri, kikiwa kibovu nasema kibovu, na asiyetaka asinunue. Mlikuwa mkidhani ni ukali wangu tu.

Unakwenda wapi tena, Nasibu? Wali utapikwa sasa hivi.

Unakwenda kwa yule mzee. Kumwambia nini? Sema kwa sauti, usiongee na mlango.

Breki ya nyuma haishiki. Haya. Na ulijua, wakati unamwapia? Ulijua. Basi nenda kamwambie hivyo hivyo, kwa kinywa chako, na usichague maneno. Pikipiki iache hapo ukutani. Utakapoitengeneza, kabla hujampandisha mtu, iteremshe wewe mwenyewe ule mlima wa bomani mpaka chini, mimi nitakuwa mlangoni nakutazama. Aiapiaye ngao, mjukuu wangu, ndiye aishikaye.